Mgeni akifika Mombasa, aanzie mjini

*Watalii wengi hupita kando ya kisiwa wakikimbilia hoteli za Diani na Bamburi. Makala haya yanaeleza kwa nini siku ya kwanza ya mgeni inastahili kuwa ya Mji wa Kale, aone nini, ale nini, na mji utapoteza nini akiendelea kupitishwa pembeni.*

Treni kutoka Nairobi ikishusha abiria wake Miritini alasiri, uwanja wa nje hujaa mabango. Madereva wameyainua juu ya vichwa: Diani, Nyali, Bamburi, Shanzu. Mizigo inapakiwa, watoto wanahesabiwa, milango ya magari inafungwa. Haupiti muda, uwanja umebaki mtupu. Bango lililoandikwa Mji wa Kale ni nadra kuliona.

Anayekwenda Diani siku hizi halazimiki hata kupanga foleni ya feri Likoni. Barabara ya Dongo Kundu inamchukua kutoka upande wa Miritini, inampitisha juu ya mikoko na mikono ya bahari, na kumfikisha Kwale bila tairi la gari lake kugusa kisiwa. Anayekwenda pwani ya kaskazini hukikata kisiwa kutoka Daraja la Makupa hadi Daraja la Nyali, vioo vimefungwa kwa sababu ya kiyoyozi. Siku chache baadaye wote wawili wanarejea kituoni, ngozi imeiva kwa jua. Wakiulizwa walikuwa wapi, watajibu: Mombasa.

Barabara mpya ni neema kwa watu wa Kwale na kwa kila aliyewahi kukwama kivukoni. Lakini imekamilisha jambo lililoanza zamani, nalo ni kumtenga mgeni na mji uliomvuta kuja.

> Jina la Mombasa linauza vyumba vya hoteli, lakini mji wenyewe mgeni haonyeshwi.

Mji uliotangulia hoteli

Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331, akalala usiku mmoja kabla ya kuendelea Kilwa, na akaacha habari za watu wacha Mungu wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Vasco da Gama alitia nanga Aprili 1498 na hakupata makaribisho aliyoyataka. Wareno wenzake walirudi na moto. Francisco de Almeida aliuteka na kuuchoma mji mwaka 1505. Nuno da Cunha akaja mwaka 1528 akafanya vivyo hivyo. Kila mara wenyeji waliujenga upya.

Wenyeji hao ndio waliokuja kujulikana kama Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa yaliyo katika mafungu mawili, Miji Tisa na Miji Mitatu. Mshairi Muyaka bin Haji, aliyeishi zama za utawala wa ukoo wa Mazrui, alitokana na mji huu. Katika karne yetu na iliyopita, mji huu ndio uliompa mwimbaji Juma Bhalo masikio ya kumsikiliza na harusi za kuimba mpaka alfajiri.

Reli ilihamisha uzito wa mji. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na njia ikafika Kisumu mwaka 1901. Meli kubwa zilihitaji kina cha Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, na Bandari ya Kale ikaachiwa majahazi. Baada ya uhuru, hoteli zikaota kaskazini na kusini mwa kisiwa, na vipeperushi vya utalii vikajaa minazi na mchanga mweupe.

Utegemezi huo wa ufuo una hatari zake, na Pwani iliziona Mei 2014. Uingereza ilipotoa onyo la usalama kuhusu Mombasa, kampuni za utalii ziliwarudisha kwao mamia ya wageni waliokuwa katikati ya likizo. Hoteli zilifungwa na wafanyakazi wakarudi vijijini. Tangu hapo Mkenya mwenyewe, anayekuja na familia yake Aprili, Agosti na Desemba, amekuwa nguzo ya biashara. Ni yeye hasa anayeandikiwa mapendekezo haya, pamoja na jamaa yake atakayempokea kutoka ng'ambo.

Anzia Ngomeni, mapema

Watu wa Mombasa huiita Ngomeni. Vitabu huiita Fort Jesus. Milango hufunguliwa saa mbili asubuhi, na saa hiyo ndiyo ya kuingia, kabla jua halijakaa utosini na kabla mabasi ya shule hayajafika.

Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu, ina umbo la mtu aliyelala chali, mikono na miguu ikiwa ni zile buruji nne za pembeni. Jiwe lake ni la matumbawe ya hapa hapa kisiwani, na upande wa bahari mwamba na ukuta vimeshikana hata ni vigumu kujua kimoja kinaishia wapi. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mgeni mwenye haraka hupiga picha na mizinga, akapanda ukutani, akatoka. Amekosa mambo matatu.

La kwanza ni michoro ya Wareno. Askari na mabaharia waliokuwa zamu walichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu zenye tanga, kanisa, samaki, watu. Mistari mingine ni ya mkono wa mtu ajuaye kuchora, mingine ni kama ya mtoto. Sogea karibu na uifuate milingoti. Aliyeichora aliijua kamba moja moja, maana ndiyo kazi iliyomleta huku na ndiyo njia pekee ambayo ingemrudisha kwao.

La pili ni vitu vya Santo António de Tanná, merikebu ya Kireno iliyozama mwaka 1697 mbele ya ngome. Wataalamu wa mambo ya kale waliipigia mbizi mwishoni mwa miaka ya 1970, na vyombo walivyovitoa vimewekwa kwenye makumbusho ya humo ndani. Maji ilimolala ni yale yale unayoyaona ukisimama ukutani.

La tatu ni habari ya merikebu hiyo kuwa pale. Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome, na hayakuingia mpaka Desemba 1698. Njaa na maradhi viliwaua wengi zaidi waliokuwa ndani kuliko risasi. Mwaka 1697, kamanda wa Kireno alipofariki, ulinzi ulibaki mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza na jamaa zake, wanaume wachache wa Kiafrika, na wanawake wa Kiafrika wapatao hamsini. Hao ndio waliozilinda kuta mpaka msaada ulipofika kutoka Msumbiji.

Habari hiyo inastahili kusimuliwa kwa kila mtoto wa shule anayeingia Ngomeni. Tumezoea kuambiwa kwamba Mreno alijenga na Muomani akateka, kana kwamba watu wa pwani hii walikuwa watazamaji. Kumbe kuna wakati ngome ilikuwa yao kuilinda, na wanawake ndio waliokuwa wengi juu ya ukuta.

> Kuna wakati ngome ya Mreno ililindwa na Sheikh wa Faza na wanawake hamsini wa Kiafrika.

Kabla ya kutoka, pita Nyumba ya Waomani, na ukumbuke kwamba Waingereza waliigeuza ngome hii gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Wazee wapo ambao bado wanaikumbuka kwa jina la jela kuliko la makumbusho.

Ndia Kuu, kwa miguu

Mji wa Kale una eneo la hekta 72 hivi. Unaweza kuuzunguka asubuhi moja bila kuchoka, na gari halina faida humo.

Kutoka Ngomeni, ingia Ndia Kuu. Barabara hii na ile ya Mbarak Ali Hinawy, iliyopewa jina la aliyekuwa liwali wa Pwani, ndizo zenye nyumba zinazozungumziwa kila panapotajwa hifadhi. Zitazame kutoka chini kwenda juu. Chini pana baraza ya saruji au mawe, mahali pa kukaa na kupokea watu. Kisha mlango wa nakshi, wenye mfaa katikati na maua yaliyochongwa kwenye kizingiti cha juu. Juu yake roshani ya mbao, imeshikiliwa na magongo yaliyochongwa, yenye vipande vya mbao vinavyoruhusu upepo na kumsitiri aliye ndani. Milango ina mkono wa Mwarabu na Mswahili, roshani nyingi zina mkono wa mafundi wa Kihindi wa karne ya 19.

Ukipata nafasi ya kukaribishwa ndani, angalia dari. Nyumba za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko. Boriti haiwi ndefu kupita kiasi, kwa hiyo ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Vyumba vikawa vyembamba na virefu. Ukuta ni mnene na joto la mchana halipenyi upesi, ndiyo maana aliyekulia humo akihamia ghorofa la saruji huanza kutafuta pangaboi.

Endelea mpaka Msikiti wa Mandhry, unaotajwa kuwa ulijengwa mwaka 1570 hivi na kuwa mkongwe kuliko yote inayotumika mjini. Mnara wake mweupe hauna umbo la minara mingine utakayoiona kisiwani. Ni msikiti wa kusalia, watu wanaingia na kutoka kwa swala tano, basi mgeni autazame nje na akitaka zaidi aombe ruhusa kwa adabu.

Chini zaidi ni uwanja wa serikali wa zamani, soko la samaki na Bandari ya Kale. Hapo karibu ipo Leven House na ngazi zake zinazoshuka hadi majini. Jina limetokana na manowari ya Uingereza iliyoletwa na Kapteni William Owen mwaka 1824, pale Mazrui walipoomba ulinzi dhidi ya Sultani Seyyid Said. Ulinzi huo haukudumu miaka mitatu. Majahazi bado hufunga hapa, na wachukuzi bado hubeba kwa bega. Kamera hapa iulizwe kwanza, kwa kuwa bandari ni bandari, hata ikiwa ya zamani.

Kula, kunusa, kununua

Mgeni anayekula kifungua kinywa cha hoteli siku zote amenyimwa nusu ya Mombasa. Mahamri na mbaazi za nazi ni chakula cha asubuhi, na utamu wake ni wa moto. Hamri likipoa iliki hupungua harufu na mbaazi huganda juu. Kwa hiyo nenda saa moja asubuhi, ukae kwenye benchi, ule na watu wanaokwenda kazini.

Mchana ni pilau, biriani au samaki wa kupaka. Alasiri ni viazi karai: kiazi kilichochemshwa, kikachovywa kwenye unga uliotiwa bizari, kikakaangwa, kikatolewa na ukwaju wenye pilipili au chatini ya nazi. Anayekipika hakioni kuwa chakula cha utalii. Anakiuza kwa wanafunzi wanaotoka chuoni, na bei yake ni ya wanafunzi.

Kwa harufu, nenda Marikiti. Soko hilo lilijengwa mwaka 1914 na majengo yake bado yanabeba jina la Mackinnon. Mboga na matunda viko ndani, lakini ni pembeni, upande wa Langoni, ambako maduka ya viungo yamejipanga. Iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, bizari ya pilau iliyosagwa mbele yako. Nunua kidogo, nunua nzima, usage mwenyewe nyumbani. Ukiwa Langoni, tazama hekalu la Wajaini la marumaru nyeupe, lililo mwendo mfupi kutoka misikiti kadhaa. Ujirani huo ni wa miaka mingi, nao ni sehemu ya mji kama mawe yake.

Kwa leso, nenda Mtaa wa Biashara. Hapa ndipo makao ya chapa ya Mali ya Abdulla, ya duka lililoanza mwaka 1887. Leso huuzwa doti, vipande viwili vimeshikana. Muuzaji atakutandikia kadhaa na atangoja usome jina, yaani yale maneno ya chini. Usinunue kwa rangi tu. Jina ndilo litakalosemwa na aliyevaa, na mama mkwe akiletewa leso yenye jina la kijembe, mtoaji atajieleza mwenyewe. Nje ya duka yuko fundi na cherehani. Ataikata doti na kuipinda kabla hujamaliza kunywa soda.

> Kila kitu kilichotajwa hapa kilikuwapo kwa ajili ya wenyeji. Mgeni anaombwa kujiunga, si kutengenezewa maonyesho.

Jioni teremka Mama Ngina. Bustani ile ilikarabatiwa mwaka 2019, na sherehe za Mashujaa za mwaka huo zilifanyika hapo hapo. Chini ya mibuyu watu hula mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, achari na kachri, na kunywa madafu. Meli zinazoingia Kilindini hupita karibu sana, mpaka unawaona mabaharia wakitembea juu ya sitaha. Kiingilio cha tamasha hilo ni kukaa tu.

Usiku rudi mjini kwa kahawa. Muuza kahawa ana dele lake la shaba lililokaa juu ya makaa na vikombe visivyo na masikio. Kahawa ni chungu, yenye tangawizi, na hunywewa pamoja na halua au kashata. Usiulize maziwa.

Hoja za wanaosema mgeni aachwe ufuoni

Wapo wanaopinga pendekezo la siku ya kwanza kuwa ya kisiwa, nao wana hoja.

Wenye hoteli husema mgeni amelipia bahari. Ametoka mbali, amechoka, ana watoto wadogo, na kumwingiza katika vichochoro vyenye joto siku ya kwanza ni kumharibia likizo. Waendesha magari ya ziara husema Mji wa Kale hauna mahali pa kuegesha, na foleni za kisiwa hula saa ambazo wangezitumia kwa safari nyingine. Wengine hutaja usumbufu: nje ya Ngomeni mgeni huvamiwa na watu wanaojiita waongozaji, wasio na leseni, ambao hupanga bei baada ya matembezi badala ya kabla.

Hoja hizo ni za kweli, na hakuna hata moja iliyo nzito kuliko dawa yake. Joto linaepukwa kwa kuanza asubuhi. Gari linaachwa nje, kwa kuwa mji huu haukujengwa kwa ajili yake. Tatizo la waongozaji linaisha mgeni akimchukua mwenye leseni ndani ya lango la ngome na kukubaliana bei kabla ya kupiga hatua. Kuhusu uchovu, anayetua Miritini alasiri anaweza kulala usiku mmoja kisiwani, akaamkia mahamri na mbaazi, akaenda ufuoni baada ya chakula cha mchana. Hajapoteza siku.

Hoja ya usalama ndiyo inayorudiwa zaidi na kuchunguzwa kidogo zaidi. Tahadhari za kawaida za mji wowote mkubwa zinatosha: simu isining'inie mkononi, vichochoro vya usiku vipitwe na mwenyeji. Vichochoro vya Ndia Kuu mchana vina wazee barazani, watoto wa chuo, wauza maji na mikokoteni yao. Mtaa wenye macho mengi hivyo unajilinda.

Wanaoishi nyuma ya milango

Upande mwingine ni wa wakazi, na huo ndio usioulizwa mara nyingi. Mkazi wa Mji wa Kale hana ugomvi na mgeni. Anachokataa ni kamera inayoelekezwa dirishani mwake, mgeni anayetembea nusu uchi saa ya Ijumaa watu wakitoka msikitini, na kundi linalosimama mlangoni pake likielezwa habari za nyumba yake bila mtu kumwambia hata sabalkheri.

Kanuni ni nyepesi. Funika mabega na magoti. Salimu kwanza, uliza baadaye. Usimpige picha mtu bila ridhaa yake, hasa mwanamke na mtoto. Ramadhani usile barabarani mchana. Ukifanya hayo, milango ya Mombasa ina tabia ya kufunguka.

Lakini ipo shida kubwa kuliko adabu. Nyumba zinaanguka. Chokaa na boriti vinahitaji kutunzwa kila baada ya miaka, na mafundi wanaojua kazi hiyo wamepungua. Nyumba moja huwa mirathi ya ndugu wengi, wengine Mombasa, wengine Ghuba, wengine Uingereza. Kukubaliana kuezeka upya ni kazi. Kuuza ni rahisi zaidi, na mnunuzi huona ardhi, haoni nakshi. Ghorofa la saruji lenye vyumba vya kupanga humrudishia fedha zake mapema.

Sheria ipo. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inayapa mamlaka nguvu ya kuzuia ubomoaji. Watetezi wa hifadhi huishikilia sheria hiyo, na wana haki. Wenye nyumba nao huuliza swali ambalo sheria haijalijibu: mnanikataza kubomoa, ni nani atanilipia kutengeneza?

Hapa ndipo mgeni anapoingia. Fedha za kiingilio cha Ngomeni huishia Ngomeni na makao makuu ya makumbusho. Hazifiki kwa mwenye roshani iliyolika na mchwa. Kinachomfikia ni mgeni aliyelala katika nyumba yake aliyoigeuza ya wageni, aliyekula kwa jirani yake, aliyenunua kasha la mbao kwa fundi wa mtaa wake. Nyumba ikiwa na faida ikiwa imesimama, warithi watakuwa na sababu ya kuelewana.

> Mnanikataza kubomoa, ni nani atanilipia kutengeneza? Swali hilo la wenye nyumba lina jibu moja: mgeni.

Lazima pia tuseme wazi hatari ya upande huo. Nyumba zote zikigeuka za wageni, watu wa mji watahama, na mgeni atakuta kuta bila mji. Ndiyo maana tunapendekeza nyumba za wageni zinazomilikiwa na familia ambazo bado zinaishi hapo, na matembezi yanayopita kwenye biashara za wenyeji. Mji wa Kale una thamani kwa kuwa watu bado huzaliwa, huoana na kuzikwa humo.

Nje ya kisiwa, kwa walio na siku zaidi

Ukielekea Nyali, pale Kengeleni usimame uitazame kengele ya Freretown. Makazi hayo yalianzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na kengele iliwapa tahadhari. Maelfu hupita kando yake kila siku bila kuinua macho.

Bamburi, tembea Haller Park. Lilikuwa shimo la machimbo ya saruji, jangwa la mawe. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje, kisha akawaleta jongoo wale majani na kuyageuza udongo. Leo ni msitu. Ndiko alikolelewa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya 2004 na kujiegemeza kwa kobe mzee.

Mtwapa ipo Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa karne ya 14 wenye msikiti ulio karibu kabisa na maji. Mwenye siku nzima aende Gede, kilomita mia moja hivi kaskazini, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2024.

Na kabla ya kuondoka, vuka Likoni kwa feri angalau mara moja. Kwa anayetembea kwa miguu ni bure. Kamera ibaki mfukoni, macho yafanye kazi.

Siku moja kisiwani

- Saa moja asubuhi: Mahamri, mbaazi na chai ya maziwa, mtaani.
- Saa mbili: Ngomeni, pamoja na mwongozaji mwenye leseni.
- Saa nne: Ndia Kuu, Mandhry, soko la samaki, Bandari ya Kale.
- Saa sita na nusu: Pilau au samaki wa kupaka, kisha mapumziko mpaka jua lipungue. Ijumaa, wacha njia za misikiti ziwe za waumini.
- Saa tisa: Marikiti kwa viungo, Mtaa wa Biashara kwa leso.
- Saa kumi na moja: Mama Ngina. Pembe za Ndovu za Moi Avenue ziko njiani, ni za bati la alumini, na dakika tano zinatosha.
- Saa mbili usiku: Kahawa chungu na halua, Mji wa Kale.

Wa kufanya hivyo ni nani

Kaunti ya Mombasa inaweza kuanza na mambo yasiyohitaji fedha nyingi: bango la Mji wa Kale pale Miritini, gari dogo la kuwapeleka abiria Ngomeni baada ya kila treni, vibao vyenye majina na historia za nyumba, vyoo safi, na orodha ya wazi ya waongozaji wenye leseni pamoja na bei zao. Makumbusho ya Taifa yanaweza kutenga sehemu ya kiingilio cha Ngomeni iwe mfuko wa kukarabati nyumba za watu zinazoizunguka, kwa kuwa ngome bila mji wake ni gofu lenye lango. Hoteli za ufuoni zinaweza kuacha kuuza Mji wa Kale kama safari ya saa mbili kati ya duka la vinyago na chakula cha mchana.

Lakini mwenye uwezo wa kuanza leo ni msomaji. Desemba ikikaribia, katika nyumba nyingi za Nairobi, Nakuru na Kisumu mipango ya Pwani hufanywa mezani. Ongeza usiku mmoja wa kisiwani mwanzoni mwa safari. Ulale kwenye nyumba ya mwenyeji, umlipe vizuri, umpe mwongozaji haki yake, umnunulie mama leso na fundi aipinde mbele yako. Gharama yake haizidi usiku mmoja wa hoteli, na fedha hizo zitaingia katika mitaa inayozihitaji kuliko mahali pengine popote Mombasa.